Nilivyozitunza valvu za redio za zamani hapa Dar

Wakuu, mwenye redio za kizamani nyumbani atanielewa. Nina Philips na Grundig alizoacha mzee, na valvu kibao (vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani) nilizopewa na mafundi wa Gerezani waliokuwa wanataka kuzitupa. Kinachoniudhi ni ushauri. Kila ukiuliza unaambiwa weka kwenye mchele zisiingie unyevu. Jamani, valvu ni kioo kilichozibwa, ndani hata hewa hamna, huo unyevu unapitia wapi? Angalia ile rangi ya fedha kwa ndani ya kioo, ikishageuka nyeupe kama maziwa ujue hewa imeingia na valvu imekufa, mchele hauifufui.

Unyevu wa Dar unakula miguu (zile pini za chini) na maandishi ya juu ya kioo, basi. Na maandishi ndio kila kitu, ECC81 na ECC83 ni valvu mbili tofauti lakini zote zina miguu tisa na umbo lile lile, namba ikifutika utazijuaje?

Fundi mmoja wa siku nyingi akaniambia zilaze kwenye sponji la godoro. Masika ilivyoisha nafungua boksi nakuta sponji limeyeyuka, limekuwa gundi ya njano, nanyanyua EL84 nusu ya namba imebaki kwenye sponji! Iliniuma sana. Kilichoniokoa ni friji. Unaiweka valvu humo ipoe vizuri, unaitoa, unaipumulia taratibu, ule mvuke ukishika kioo namba iliyofutika inajitokeza, ila ni sekunde chache tu kwahiyo kaa na kalamu mkononi. Karibu zote nimezitambua hivyo. Na spiriti usipitishe kabisa juu ya maandishi.

Dawa yenyewe nimeipata duka la dawa, kweli kabisa. Zile boksi za vichupa vya sindano vya mililita 10 zina vigawanyo vya karatasi ngumu ndani. Kichupa kina upana wa milimita 24 hivi, valvu ya miguu tisa ni kama 22, inaingia yenyewe bila kulazimisha, kichwa kinabaki nje na hakuna inayogusana na mwenzake. Dada wa dukani ananiwekea bure badala ya kuzitupa. Mimi nilinunua tu kontena la plastiki lenye mfuniko pale Kariakoo, kama elfu nane hivi, nikatia na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, miguu isiote kutu. Namba naandika kwa penseli kwenye kigawanyo, sio kwenye kioo.

Zile kubwa za kitako cheusi, miguu nane, haziingii humo. Hizo nazivisha lile bomba la karatasi la ndani ya tishu za chooni. Ukizichomoa kwenye redio shika kitako, usizungushe kioo, gundi yake imeshazeeka, kioo kikizunguka peke yake nyaya zinakatika.

Natafuta valvu ya EABC80. Mwenye nayo tuongee, natoa EL84 mbili.