Makumbusho ya Amsterdam na kina mama wa stesheni

Tangu nirudi Kigoma toka masomoni Uholanzi watu wananiulizia baridi na baiskeli, ila mimi kichwani nina ile nyumba nyembamba ya Amsterdam, Red Light Secrets. Ni makumbusho ya wanawake wanaouza mwili, yalifunguliwa 2014 kwenye jengo lililowahi kuwa danguro kweli. Kule madanguro yaliruhusiwa kisheria Oktoba 2000, mwanamke anakodi chumba chenye dirisha kwa zamu, analipa pango na kodi ya serikali.

Vyumba vyenyewe nilipita haraka tu. Kilichonishika ni kile kiti cha dirishani, unakaa halafu mbele yako inapita video ya watu wanaokuangalia, huyu anacheka, yule anakupima juu mpaka chini kama mbuzi wa mnadani, mwingine wala hana habari na wewe, na mimi na koti langu zito la baridi nikajihisi niko uchi jamani. Nikanyanyuka. Mbele kuna sehemu ya kuwakumbuka waliouawa, hapo nilisimama sana. Mitaa hiyohiyo 2009 aliuawa binti wa Hungaria wa miaka 19, ana kichanga cha miezi mitatu, muuaji hakukamatwa, na Novemba 2024 polisi wakaweka hologramu yake dirishani, yaani picha ya mwanga inayoonekana kama mtu mwenyewe, ili mwenye taarifa ajitokeze. Miaka yote hiyo na bado anaulizwa! Huku dada poa akikutwa amekufa gesti utasikia "si alijitakia", basi imeisha, na inaniuma.

Maana historia hii na sisi tunayo. Reli ilifika Kigoma 1914, baadae wanaume wa Kiha wakaenda umanamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, na wanaume wakirundikwa mahali bila wake zao mnajua kinachofuata. Wanawake nao walisafiri. Kina mama wa Kihaya walitoka Bukoba mpaka Nairobi miaka ya 1930, wakaitwa wazi-wazi, walikaa mlangoni wakitaja bei, na hela ilirudi nyumbani kusaidia wazazi kahawa ilipoporomoka. Wapo wanawake wa kazi hiyo waliomiliki nyumba Pumwani, mtaa wa hukohuko Nairobi, wakapangisha. Tunayajua haya kwa sababu mwanahistoria Luise White aliwafuata uzeeni miaka ya 1970 akawasikiliza.

Wa kwetu nani kawafuata? Pale Ujiji Livingstone na Stanley wana sanamu zao kwa kukutana tu 1871, na watoto wa shule tunawapeleka.

Nikamgusia shangazi, yupo Ujiji. Akaguna, "Mwanangu, hayo unayatakia nini?" Akanimiminia chai, kisha akaanza mwenyewe, kina mama waliopanga vyumba karibu na stesheni, treni ikichelewa wanapika wali na dagaa kwa abiria, usiku ni mambo mengine, na wapo waliosomesha watoto mpaka mwisho kwa hela hiyo, watoto ambao leo ni watu wazima na heshima zao na hawataki kabisa kusikia. Hapo nilimuelewa shangazi. Sitaki mtu aanikwe, majina yafichwe, nyumba zisitajwe, lakini sauti zao zirekodiwe wakiwa bado hai, walilipwaje, nani aliwapiga, nani aliwaficha askari walipokuja. Shangazi kasema kuna rafiki yake mmoja atamuuliza kwanza, akikataa hatumsumbui.