Ndege haipigwi puti

Nimenyoosha bodi za magari tangu 1998. Nilianzia Keko, Dar es Salaam, nikiwa dogo wa kushika tochi na kutumwa chai, na sasa niko Lincolnshire, Uingereza, natengeneza matrela ya wakulima wa viazi na kabichi. Mama Rehema ndiye aliyetuleta huku kwa unesi wake. Mimi nilikuja kama begi lake la pili. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayekusimulia habari za ndege si rubani wala injinia. Ni fundi bati.

Jumamosi moja ya Januari, baridi ya kukata masikio, Rehema alikuwa na kazi ya shule kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Tukaendesha mpaka East Kirkby, kijiji kidogo katikati ya mashamba. Wakati wa vita hapo palikuwa na kambi ya Jeshi la Anga la Uingereza. Vikosi vya 57 na 630 viliondokea hapo usiku kwenda kupiga Ujerumani. Leo ni makumbusho ya familia moja, na ndani ya banda lao kubwa imo Lancaster, ndege ya mabomu ya Mwingereza, namba NX611, jina la utani Just Jane. Rehema akauliza Jane ni nani. Nikamwambia ni mwanamke wa katuni za gazetini, enzi hizo, nguo zilikuwa hazimkai mwilini. Mama yake akanitazama.

Nilitegemea kukuta ndege. Nilikuta gereji.

Kila msimu wa baridi, tangu 2016, Lancaster ile inafunguliwa sehemu kwa sehemu. Siku ile ubavu mmoja ulikuwa umebanduliwa rangi hadi bati tupu, na mahali pengine hata bati lenyewe lilikuwa limetolewa, mbavu ziko nje, unaona hadi ndani. Nikasogea kwenye kamba mpaka tumbo likaigusa. Bati la ndege ni aluminiamu, na kutu yake si nyekundu kama ya gari. Ni unga mweupe. Unatokea chini ya rangi, pale mabati mawili yanapolaliana, unalivimbisha bati polepole hadi ribiti, vile vipini vinavyoshikilia mabati, zinaanza kuvutwa vichwa. Kwa mbali ndege inameta. Ukiwa karibu, na ukijua pa kuangalia, unaona bati limekuwa na matuta kama godoro.

Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia wageni aliniona nimeinama muda mrefu. Akaniuliza, "Wewe ni wa kazi hii?" Nikamwambia ni wa malori. Akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akanitilia kiganjani ribiti ya zamani iliyotobolewa, ndogo kuliko punje ya mahindi. Bado ninayo.

Yeye ndiye aliyenipa habari za wenye ndege, na baadaye nikazisoma zaidi. Kulikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Panton. Mkubwa, Christopher, alikuwa fundi injini wa ndani ya ndege, kwenye Halifax, nayo ndege ya mabomu. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944 walitumwa Nuremberg. Ndege 95 kati ya 795 hazikurudi, na yake ilikuwamo. Alikuwa na miaka 19. Wadogo zake, Fred na Harold, wakakua, wakawa wafugaji wa kuku, wakanunua ardhi iliyokuwa kambi. Mwaka 1972 Lancaster hii ilipigwa mnada huko Blackpool, wakaikosa. Mwaka 1983 wakaipata, ila ikabidi waiache kwanza pale ilipokuwa imesimama, langoni kwa kambi ya Scampton, na ikafika kwao 1988. Fred alifariki 2013 bila kuiona ikiruka.

Jambo la kushangaza ni kwamba NX611 yenyewe haikupigana hata siku moja. Ilitoka kiwanda cha Austin, Longbridge, Aprili 1945, ikiandaliwa kwenda Mashariki ya Mbali kumpiga Mjapani. Vita vikaisha kabla haijaondoka. Mwaka 1952 ikauzwa kwa jeshi la majini la Ufaransa, ikaishia kufanya doria New Caledonia, ikatolewa kule ikapelekwa Sydney, na 1965 ikarushwa kurudi Uingereza. Kisha miaka na miaka ya kunyeshewa nje.

Nilipoisoma hiyo ya kumpiga Mjapani nilimkumbuka babu. Babu alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma, na alichorudi nacho ni koti, ukali, na neno moja la Kiburma ambalo hatukuwahi kujua maana yake. Wakati Longbridge wanapiga ribiti za mwisho kwenye hii ndege, watu kama babu walikuwa huko ilikokusudiwa kwenda. Yeye hakuwa na habari nayo, nayo haikumfikia. Sina la kuongeza hapo, ila nilisimama mbele ya ndege ile nikaona kama tuna ujamaa wa mbali.

Sasa puti, lile rojo la kusawazishia bati kabla ya rangi.

Huko Keko, bosi wangu mmoja, simtaji, aliletewa basi dogo la abiria ambalo sakafu ilikuwa imeoza nguzo kwa nguzo. Mwenye basi alitaka lirudi barabarani kesho yake asubuhi. Tukabandika kipande cha bati juu ya kutu, tukapiga puti, tukapiga msasa, tukapuliza rangi. Liling'aa kama harusi. Mimi ndiye niliyepuliza rangi ile. Baada ya miezi miwili kiti kilizama sakafuni likiwa linatembea, mama mmoja akavunjika mguu. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Ndiyo maana nilipoona wale mafundi wa East Kirkby wanabandua rangi nzuri kabisa, ili tu waone kilicho chini yake, koo lilinikauka.

Watu huuliza, ndege ina injini nne zinazowaka, inatembea, kwa nini isiruke? Kweli zinawaka. Merlin nne, kila moja silinda 12 na lita 27. Ya mwisho iliwashwa tena 1995. Kila mwaka inabeba wateja wanaolipa pauni mamia kuzungushwa nayo kwenye nyasi. Lakini kutembea na kuruka ni vitu viwili. Ardhini ukisikia mlio usioupenda unazima, unashuka, unawasha sigara. Ili mamlaka ya anga iiruhusu kupanda juu, kila bati lililobadilishwa lazima lijulikane limetoka wapi, nani alilikata, nani alilikagua baada ya aliyelikata. Karatasi zinakuwa nzito kuliko bati. Mimi hapo ndipo ningeshindwa. Mikono ninayo, subira ya makaratasi sina.

Na si urasimu mtupu. Tarehe 2 Oktoba 2019, ndege nyingine ya umri huo, B-17, ya mabomu ya Mmarekani, ilianguka Connecticut, Marekani, ikiwa na watalii. Watu 13 ndani, 7 wakafa. Wachunguzi walikuta kwenye injini moja magneto, kile kifaa cha kupeleka umeme wa cheche kwenye plagi, iliyofungwa kwa waya, kazi ya kubahatisha, na plagi zilizochafuka na mianya yake haikuwa sawa. Nilipoisoma ripoti ile nilifunga simu nikatoka nje. Waya! Ni mara ngapi nimefunga kitu kwa waya nikamwambia mteja "hii itakufikisha"?

Lancaster zilitengenezwa 7,377. Zinazoruka leo ni mbili tu: moja ya Jeshi la Anga, iko Coningsby, jirani tu na hapa, nyingine iko Hamilton, Kanada. Septemba 2014 ile ya Kanada ilikuwa imekuja Uingereza, zote mbili zikapita juu ya East Kirkby huku Just Jane ikinguruma chini yao. Watu wa hapa wanaisimulia siku hiyo kama sisi tunavyosimulia fainali.

Wapo wanaosema ndege ya kuteketeza miji haistahili fedha zote hizi. Siwabezi. Hamburg, Julai 1943, walikufa makumi ya maelfu, wengi wao mama na watoto, na Lancaster zilikuwamo. Kwa upande wa pili, kati ya vijana wa ndege za mabomu wa Uingereza wapatao 125,000, walikufa 55,573. Karibu nusu. Mle kwenye makumbusho hakuna tarumbeta za ushindi. Kuna kikanisa chenye majina, na watu wanaingia wanavua kofia. Binafsi ningependa iruke. Ila sina haraka nayo, na naona raha ya ajabu kukuta mahali ambapo mafundi nao hawana haraka. Wanasaidiwa na watu wa kawaida wanaolipia ribiti moja moja, kama tunavyochangia tofali za msikiti.

Tulirudi mwezi Mei, siku ya kuwashwa injini. Pangaboi la kwanza likazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, moshi ukatema pembeni, kisha likashika. La pili. La tatu. Lilipowaka la nne nyasi zote nyuma zililala chini, na nikahisi mlio ule kwenye meno. Rehema alinivuta shati.

"Baba, itaruka lini?"

"Si mwaka huu."

"Mwakani?"

"Sidhani."

Akasema kitu kingine lakini sikukisikia.

Jumatatu nilikuwa na trela la mkulima mmoja, amelileta nizibe tobo la sakafu. Tobo lenyewe lilikuwa saizi ya sahani. Nikachukua grenda nikakata pembeni yake, nikaendelea kukata, na kila nilipokata bati lilikuwa linamegeka kama kaukau. Saa sita mchana karibu sakafu yote ilikuwa chini. Nikampigia simu nikamwambia itachukua siku nne zaidi, na bei imebadilika.

Hakufurahi.