Siku yangu moja kazini, bwawa la Ndakaini msimu wa mvua

Saa kumi na moja alfajiri huku Gatanga ni baridi tupu, hata mwezi wa nne. Navaa gambuti, sweta mbili na koti la mvua, natoka. Ukungu umelalia majani chai mpaka tochi haisaidii kitu. Nyinyi wa Nairobi mnakunywa maji ya bwawa hili, lakini mnaokuja huku wikendi kupiga picha hii Ndakaini hamuijui.

Saa kumi na mbili napokea kitabu cha kumbukumbu za bwawa kwa mzee wa zamu ya usiku. "Imenyesha usiku kucha kijana, mto umeshabadilika rangi." Kwanza nasoma geji, kipimo cha kimo cha maji. Bwawa likijaa kabisa maji yanasimama mita 2,041 kutoka usawa wa bahari, hapo unaongea kuhusu lita bilioni 70, na leo yamepanda kidogo, kwa hivyo hata chai imenogea.

Halafu natembea tuta lote. Watu hudhani ni ukuta wa simiti, kumbe ni udongo ulioshindiliwa, mita 65 kwenda juu, tangu 1994. Natafuta nyufa, miti midogo inayoota na mashimo ya fuko, huyo mnyama ni adui yangu mkubwa maana shimo lake linaweza kuwa njia ya maji. Huko chini kwenye kitako kuna maji yanayochujika, yanapita kwenye kibao chenye mkato wa V na mimi napima kimo chake. Kila bwawa la udongo huvuja kidogo, hiyo si shida. Nachota kwenye glasi nainua kwenye mwanga. Yakiwa safi, sawa. Siku yakiwa na matope itamaanisha udongo unatoka ndani ya tuta na hapo hatutaongea kwa upole. Leo ni safi kabisa.

Saa tatu kamili nasoma kipima mvua, si saa tatu na nusu, la sivyo hesabu za mwezi zinaharibika. Saa nne napiga simu Ng'ethu kwenye mtambo wa kusafisha maji ya Nairobi, wajipange, maana maji tunayofungulia hayaendi moja kwa moja kwa bomba, yanapita handaki, yanaingia mto Kimakia kisha Chania, ndio yanachukuliwa pale Mwagu kwenda kwao, na mito ikiwa hivi rangi ya kahawa wanatumia dawa nyingi.

Mchana ni githeri na avokado. Jamaa mmoja anasoma kwa simu watu wa Nairobi wakilalamika, "South C imefurika na mferejini hakuna hata tone!" Sasa jamani, mvua ya South C inaenda zake mto Athi, haipandi mlima kuja huku. Mvua yetu ni ile inayonyesha milima ya Aberdare ikaingia mto Thika, Githika na Kayuyu. Mwaka wa 2017 haikuja vizuri, kingo za bwawa zikabaki matope yaliyopasuka na jiji likaingia mgao wa maji.

Saa tisa narudi tutani nakuta mbuzi. Tena.

"Cucu," namwita bibi mwenye mbuzi, "si tuliongea kuhusu hizi mbuzi?"

"Mwanangu, si mimi, ni nyasi yenu inawaita."

Namsaidia kuzishusha. Kwato zinachimba vijia, mvua inavifuata, kesho ni korongo, lakini cucu utamfanya nini? Baadaye tunavuta magogo na chupa za plastiki zilizoletwa na mto, kazi ya kuchosha isiyo na hadithi.

Saa kumi na mbili jioni nakabidhi kitabu. Usiku dada yangu anapiga kutoka Umoja. "Nasikia bwawa linajaa, mbona huku maji bado yanakuja Alhamisi tu?" Namweleza vile nimemweleza miaka yote, bwawa hata lifurike, mtambo na mabomba yana kipimo chake na watu wa Nairobi wameyapita zamani, ndio maana likachimbwa lile handaki la kilomita 11.8 la kuleta maji ya mto Maragua na wenzake, na mtambo mwingine ukajengwa Kigoro.

"Sawa injinia, nitumie basi jerikeni mbili na matatu ya asubuhi."

Nikamwambia nauli ni juu yake, akakata simu.