Zidaka za Pate

Boti ya kisiwa cha Pate haingoji abiria, inangoja maji. Tuliondoka Lamu maji yakijaa, maana yakitoka, Mkanda, mlango mwembamba wa bahari tunaoupitia, huwa kina kifupi na chombo kinaweza kukwama kwenye tope mkiwa mnaiona mikoko hii hapa. Niliteremka Mtangawanda, bandari ya Pate, nikashika njia ya mjini kwa miguu.

Nilichokifuata ni tungo mbili. Ya kwanza ni Utendi wa Tambuka, uliotungwa hapa Pate na Mwengo bin Athumani kwa agizo la sultani. Nakala yake kongwe ina tarehe ya 1728. Ni kisa cha majeshi ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Mimi naamini sultani aliyeagiza kisa kile alitaka pia nuru ya dini iangukie kiti chake. Ya pili ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyokuja vizazi kadhaa baadaye. Huyu hamsemeshi mfalme, ausemesha moyo wake mwenyewe. Auonyesha majumba ya wakubwa wa Pate, taa na vyombo vya fahari, kisha auuliza wenyewe wako wapi. Dini ni ileile, ila sasa imeshika mizani, na kilichowekwa juu yake ni ufalme.

Magofu ya Nabahani, ukoo wa masultani wa Pate, yamo katikati ya mashamba ya tumbaku. Niliingia penye ukuta wa matumbawe uliobaki na zidaka tatu, vile vishubaka walivyopangia sahani za kaure. Katika Al-Inkishafi, humo wamelala makinda ya ndege. Nilitia mkono katika kidaka cha kati. Kilikuwa kitupu, chokaa ikanibakia vidoleni, laini kama unga.

Mzee mmoja alikuwa akipalilia tumbaku upande wa pili. Nilimtolea salamu, nikamweleza kilichonileta. Hakuniuliza neno. Aliegemea jembe, akaanza kughani beti za Al-Inkishafi kwa moyo, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu anayesoma duani. Mwili ulinisisimka. Nimezisoma beti zile miaka mingi, lakini sikuwahi kuzisikia nikiwa nimesimama ndani yake.

Aliponyamaza aliangalia jua.

“Maji yatatoka sasa hivi, mwanangu,” akaniambia. “Fanya haraka.”