Kata ombi la HTTP kila baiti

Ukijaribu seva ya HTTP uliyoiandika, kwanza toa soketi (kiungo cha programu na mtandao) nje ya jaribio. Msimbo unaosoma ombi uwe fanksheni inayopokea baiti tu na kurudisha moja kati ya hali tatu: ombi limekamilika, baiti bado hazijatosha, au ombi ni bovu. Hiyo ya kati ndiyo husahaulika, nayo huangusha seva. TCP, itifaki inayobeba baiti hizo mtandaoni, haiahidi kwamba ombi litafika kwa mkupuo mmoja. Kwenye kompyuta yako huwa linafika zima. Kwa mtumiaji mwenye mtandao hafifu laweza kuja vipande vipande.

Chukua hili: `GET / HTTP/1.1\r\nHost: mfano\r\n\r\n`. `\r\n` ni baiti mbili za kumaliza mstari. Yote ni baiti 31. Weka kitanzi cha 1 hadi 30, kata hapo kila mara, lisha kipande cha kwanza kisha cha pili. Matokeo yote 30 lazima yafanane. Mkato ukiangukia kati ya `\r` na `\n`, msimbo unaotafuta `\r\n` ndani ya kila kipande peke yake hautaiona kamwe.

Yanayostahili jibu la 400 (ombi bovu): HTTP/1.1 bila heda (mstari wa maelezo) ya `Host`, nafasi kabla ya nukta mbili (`Host : mfano`), heda mbili za `Content-Length` (urefu wa mwili) zinazopingana. `Content-Length` ikija pamoja na `Transfer-Encoding` (njia nyingine ya kuonyesha mwili unaishia wapi), RFC 9112, kiwango cha HTTP/1.1, inaruhusu kukataa, na mimi nasema kataa: proksi (seva ya kati) iliyo mbele ikifuata moja na seva yako nyingine, mshambuliaji anapata pa kuficha ombi la pili. Ila `hOsT` ni halali, kwa kuwa majina ya heda hayajali herufi kubwa au ndogo; ikubali.

Kwenye majibu, `Content-Length` huhesabu baiti. “Ng’ombe” yenye ritifaa iliyopinda ina alama 7, lakini katika UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwa baiti) ni baiti 9. Seva ikitangaza 7, msomaji anapata “Ng’om”. Jaribio linalotumia “Habari”, ambayo kila herufi yake ni baiti moja, litapita na kosa litabaki. Jibu la 204 (limefaulu, halina mwili) lisiwe na `Content-Length` kabisa. La ombi la `HEAD` (linaloomba heda tu) lisiwe na mwili.

Heda ya `Date` ipewe saa kutoka nje ili jaribio liigandishe, kisha liendeshe kwa lokali (mpangilio wa lugha na nchi) ya `sw_KE`: tarehe ikiwa ya Jumapili, siku lazima ibaki `Sun`, si “Jumapili”. Thamani ya heda ya `Location` (anwani ya kumwelekeza mtumiaji) yenye `\r\n` ikataliwe, la sivyo mgeni anajiandikia heda yake ya `Set-Cookie` (inayoweka kuki kwenye kivinjari).

Linganisha jibu na baiti ulizoandika kwa mkono. Ukilisoma kwa msimbo uleule wa seva, kosa lililo pande zote mbili litapita.