Pumzi Iliyobaki Kwenye Kaseti

Asubuhi nimekuta trei mbili za mayai uani, mvua ya usiku imezilowesha. Nilipoziokota, harufu ya ile karatasi nzito iliyonyonya maji ikanisimamisha palepale. Kwangu hiyo ni harufu ya studio.

Mnaonisikiliza redioni Jumamosi usiku mnazijua hadithi zangu nyingi za miaka ile. Hii sijawahi kuisimulia.

Ilikuwa 1996, Dar es Salaam. Saleh Jabir, mchanaji wa rap wa hapa nyumbani, alishatuonyesha kwamba Kiswahili kinakaa vizuri juu ya mdundo wa Vanilla Ice, rapa wa Marekani. Kundi la rap la Kwanza Unit walitutia hamu ya kuwa na kundi letu, na rapa 2 Proud, ambaye leo mnamwita Sugu, alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza mwaka mmoja nyuma. Tena redio haikuwa moja tu ya taifa kama zamani. Radio One ilikuwa hewani tangu 1994, kwa hiyo kijana mwenye kaseti mfukoni alikuwa na mlango wa kugonga. Mimi na Pacha (si ndugu wa damu, tuliitana hivyo tangu shule) tulichanga miezi minne tukapata hela ya saa mbili za studio.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani kilichogawanywa kwa mbao na kipande cha kioo. Kutani walikuwa wamebandika trei za mayai kuanzia chini hadi darini ili sauti isirudi, nazo zilikuwa zimenyonya jasho la watu na unyevu wa bahari. Wakati wa kurekodi feni inazimwa, maana maiki inainasa. Unachana huku jasho linakuingia machoni.

Beti yangu niliirudia mara mbili tu, fundi akasema safi. Akaingia Pacha.

Pacha alikuwa mkali kuliko mimi, kwa mbali. Lakini siku ile kila akifika mstari wa sita, pumzi inakata. Anaanza upya, inakata tena. Mara ya nne. Mara ya saba. Fundi akaanza kutazama saa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya fundi, hedifoni ya akiba sikioni, na kadiri Pacha alivyorudia ndivyo nilivyozidi kusikia kwamba tatizo liko kwenye mdundo. Tulikuwa tumeuiga kutoka kwa Wamarekani, unakwenda mapigo 98 kwa dakika. Kiingereza kina maneno mengi mafupi, yanapenya. Sasa chukua neno kama "wanatunyanyasa": silabi sita, kila moja ina irabu yake na inataka kutamkwa. Pacha hakumeza hata silabi moja. Mimi nilipita kwa sababu mistari yangu ilikuwa miepesi.

"Braza," nikamwambia fundi, "tukipunguza mwendo?"

"Nikipunguza, beti yako inakufa. Imeshaingia kwenye tepu kwa mwendo huu."

"Ifute."

Akageuka. "Una uhakika, mdogo wangu? Zimebaki dakika ishirini na tano."

"Ifute, braza."

Akagusa kinanda, 98 ikashuka hadi 88. Upande wa pili wa kioo Pacha alikuwa anajifuta uso kwa fulana, hana habari. Mdundo ulipoanza nikaona mabega yake yanashuka. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, halafu akaingia. Mstari wa nne. Wa tano. Wa sita ukapita. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na trei moja iliyobanduka kona, kila besi ikigonga inatikisika, na mimi macho yangu yalikuwa pale kwenye ile kona kwa sababu niliogopa kumtazama. Akamaliza mistari yote kumi na sita.

Fundi alitaka kuifuta ile pumzi ya mwanzo. Nilimsihi aiache.

Pacha akaingiza beti ya pili, tukafanya kiitikio, basi. Aliponiuliza beti yangu iko wapi, nikamwambia muda umeisha.

Wiki chache baadaye tulikuwa kwa kinyozi wimbo ulipopigwa redioni. Kabla ya neno lolote, ile pumzi ikatoka kwenye spika. Pacha akanishika mkono, hakusema kitu.

Baada ya hapo fundi akawa ananiita vijana wakikwama, nikae nisikilize. Ndivyo nilivyokuwa prodyuza, na uprodyuza ukanifikisha redioni. Kuchana sikurudia. Siku nyingine naamini nilimpa rafiki yangu nafasi. Siku nyingine naona niliogopa beti yangu isikae jirani na yake. Siku hizi kompyuta inaondoa pumzi zote kwa kubofya mara moja, nami nawaomba vijana wanaokuja kwangu waache hata moja.

Nimempigia Pacha leo. Yuko Tanga, anauza vipuri vya pikipiki. Alipopokea nikaisikia kwanza pumzi, halafu, "Pacha!" Tumeongea kuhusu watoto, mvua, mgongo wake unaomsumbua. Nilitaka kumuuliza kama aliwahi kujua, au mpaka leo anaamini muda ndio uliisha. Mdomo ukawa mzito, tukaagana.

Trei nimezianika juani.