Kurasa Mbili Tupu

Daftari lenyewe ninalo hadi leo. Ni kaunta buku la kwaya mbili, jalada jeusi, kona zimeliwa. Kwenye uti wake kuna tundu nililolitoboa kwa msumari ili nipitishe kamba ya katani. Kamba ile niliifunga kwenye mguu wa cherehani ya mjomba, aliyekuwa akishonea barazani kwa bibi, Ujiji, katika mtaa unaoteremka kuelekea ziwani. Ilikuwa Novemba 2003, mwezi wa Ramadhani, na mimi nilikuwa namaliza kidato cha pili.

Nilikuwa naandika kila kilichonishughulisha, na vilivyonishughulisha vilikuwa vingi mno: nyota, reli, meli, samaki, safari za watu wa zamani, jinsi mchwa wanavyojenga kichuguu. Shuleni insha ilirudi na alama pamoja na mistari ya wino mwekundu. Hakuna hata siku moja insha iliyorudi na swali. Jambo hilo liliniumiza kuliko alama mbaya. Nilitaka mtu anisome halafu aniambie, hapo umesema kweli, hapo sivyo, na hili je?

Ndipo nikaamua kila habari niiandike kurasa mbili, kisha niache kurasa mbili tupu. Juu ya ukurasa mtupu niliandika: JIBU HAPA. Wateja wa mjomba walikuwa wengi kwa sababu ya nguo za Idi, na mtu anayesubiri suruali ipigwe pindo hana la kufanya.

Habari ya kwanza ilikuwa ya kupatwa kwa mwezi. Alfajiri ya tarehe 9 mwezi ule tulikuwa tumeamka kula daku, mwezi ukafunikwa wote na kuwa rangi ya shaba. Nikaeleza kwamba dunia ilikuwa imesimama kati ya jua na mwezi, na kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopinda kwenye hewa ya dunia. Nilisubiri siku nne. Kwenye ukurasa mtupu palikuwa na michoro ya mtu aliyekuwa akijaribu peni, na hesabu ya vifungo.

Habari ya pili ilikuwa ya Liemba, meli ya ziwa letu la Tanganyika. Niliandika kwamba Waingereza waliizamisha katika vita. Kesho yake nilikuta mwandiko wa penseli, ulionyooka kama reli:

“Si Waingereza. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wanaondoka, wakaipaka mashine grisi nzito ili siku moja waje waichukue. Waingereza waliiinua 1924, ikarudi kazini 1927. Kabla ya hapo ikiitwa Graf von Goetzen. Imetengenezwa Ujerumani, ikaletwa kwa vipandevipande ndani ya masanduku, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Andika tena.”

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mjomba akaniambia ni mzee fulani mstaafu wa reli, alikuja kuchukua kanzu. Niliandika tena. Akarudi, akaweka alama ya vema, na chini yake swali: “Grisi ilisaidia nini chini ya maji miaka minane?” Nilikesha na swali hilo. Sikuwa nimewahi kupewa kazi tamu kama ile.

Baada ya hapo wasomaji wakaja. Msichana mmoja, sikuwahi kumjua, aliuliza chini ya habari ya Livingstone na Stanley, wale waliokutana hapahapa kwetu mwaka 1871: “Stanley alipoingia Ujiji, nani alimpokea kwanza?” Nikarudi vitabuni, nikakuta aliyetoka mbio kumlaki ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Susi huyo na mwenzake Chuma, miaka miwili baadaye, walikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya bwana wao kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, wakapita Unyanyembe hadi Bagamoyo. Kurasa zangu mbili za mwanzo hazikuwa na jina la Mwafrika hata mmoja. Swali la mstari mmoja lilinionyesha hilo.

Lakini ninalotaka kulisimulia hasa ni la dagaa.

Idi ilipita, likizo ikaanza. Wiki ya kwanza ya Desemba mbalamwezi ilikuwa kubwa na wavuvi walikuwa wamepumzika, wanashona nyavu. Nikaandika kwa nini dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mpevu. Niliandika kwamba dagaa wanaogopa mwanga wa mwezi, wanakimbilia chini kabisa ya ziwa, mita 1,470, kwani Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Niliipenda sana sentensi ile.

Jibu la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa zilizokanyagana: “DAGAA HAOGOPI MWANGA. ANGEOGOPA TUNGEWASHA KARABAI ZA NINI? MWEZI UNAMTAWANYA. MAJI YOTE YANAKUWA NA MWANGA, TAA YANGU HAIONEKANI KITU. KUKIWA GIZA ANAKUJA KWANGU.”

Chini yake, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kialimu: “Ndugu mvuvi amesema vema. Nami naongeza: hakuna dagaa mita 1,470. Maji ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki na ya juu, hivyo hayana oksijeni. Ukipita mita mia moja na kitu huku kwetu, mia mbili na kitu kusini, hapaishi samaki. Mchana dagaa hushuka, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula.”

Mvuvi akarudi: “MWALIMU NAKUSHUKURU. MIAKA YOTE NAJUA WANAPANDA SIJUI WANAKIMBIA NINI CHINI.”

Na mwingine, pambizoni, kwa peni nyekundu: “Mnasema mwezi mpevu tu. Mwezi mchanga unazama mapema, sisi tunangoja uzame ndiyo tunawasha. Ukishaanza kuchelewa kuchomoza tunavua kabla haujatoka.”

Kurasa mbili zikajaa. Wakaandika kwenye jalada kwa ndani. Mwalimu na mvuvi walikuwa hawajawahi kuonana, na sasa walikuwa wanafundishana kwenye daftari langu, mimi nimekaa kimya katikati kama mtoto anayesikiliza wakubwa. Sentensi yangu niliyoipenda nikaikata kwa mkono wangu, na sikuihuzunikia hata kidogo.

Mjomba alikuwa na tabia ya kuwasomea kwa sauti wateja wasiojua kusoma. Siku moja alikuwa akimsomea mama mmoja aliyeleta kitenge kishonwe, mama wa makamo, mikono yake ikinukia mwalo. Nilikuwa nachambua mchele karibu. Akasikiliza yote, ya karabai, ya oksijeni, ya mwezi kuzama. Mjomba alipomaliza, akageuka kwangu.

“Wewe ndiye uliyeandika?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri. Sasa nikuulize, dagaa wanaishia majini?”

Sikuwa na jibu. Akasema, “Yote hayo ni ya wanaume na taa zao. Akishafika mchangani ni wangu. Giza hili njoo alfajiri, uje uone.”

Nilikwenda siku chache kabla ya Krismasi, mwezi ukiwa umeisha kabisa angani. Bibi aliniruhusu kwa shida. Nilipofika mwaloni bado giza, na kule mbali taa za mitumbwi zilikuwa zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine ng'ambo ya wetu. Kisha zikaanza kuzimwa mojamoja, na kabla hakujapambazuka vizuri mitumbwi ikaingia.

Dagaa mbichi akitoka majini anang'aa kama kipande cha bati jipya. Akinamama walikuwa tayari wamesimama ndani ya maji hadi magotini, mabeseni vichwani, wanapatana bei kwa sauti za juu. Mama yangu yule alinunua mabeseni manne, mawili kwa fedha, mawili kwa mkopo, atalipa akishauza. Hilo la mkopo halikuwa mahali popote kwenye daftari.

Tukawamwaga mchangani. Unachota kiganja, unarusha kwa kuzungusha mkono ili watawanyike bila kulaliana, kwa sababu wakilaliana wa chini hawakauki. Mimi niliwarusha vibaya, akanishika mkono akanionyesha. Akaniambia mwenye kichanja cha waya anapata bei nzuri, dagaa wake hawana mchanga. Wa mchangani mnunuzi anamtafuna mmoja, akisikia chembe tu kwenye meno anashusha bei. Kichanja kilihitaji mbao na waya, na mbao na waya vilihitaji fedha ambayo kwanza ilipaswa itoke kwa dagaa. Jua likiwaka vizuri siku moja inatosha. Jioni unawazoa, unapeta, unatia guniani, wanapanda treni kwenda Tabora, Dodoma, Dar es Salaam, watu huko wanasema dagaa wa Kigoma, dagaa wa Kigoma.

Saa tano wingu likatoka upande wa Kongo. Nililiona kama wingu tu. Yeye alilitazama mara moja akaanza kukimbia. Mwalo wote ulikimbia: fagio, mabeseni, maturubai yenye matundu, watoto wakizoa kwa mikono. Tuliwahi beseni moja na nusu hivi. Mvua ilipopiga, dagaa wengine waligeuka tope la fedha, wakaanza kuteremka na maji kurudi walikotoka. Yeye alisimama, kitenge kimemganda mwilini, akawatazama. Hakulia. Alihesabu kwa midomo bila sauti.

Usiku ule niliandika kurasa nne. Hazikuwa na kina cha ziwa wala jina la kitaalamu la chochote. Niliandika jinsi mkono unavyozungushwa. Niliandika mabeseni mawili ya mkopo. Nikaacha kurasa mbili tupu kama kawaida.

Siku ya tatu akaja kuchukua nguo yake. Mjomba akazima redio, akamsomea. Mimi nilikaa nyuma ya mlango, nashindwa hata kumeza mate. Palipofika kwenye wingu, akamkatiza.

“Hapo amekosea. Saa tano ilikuwa mvua yenyewe. Wingu nililiona saa nne.”

Mjomba akacheka akataka kuendelea. Mama akamzuia kwa mkono.

“Si una peni hapo? Basi andika, na mimi nijibu.” Akafikiri, akashusha pumzi. “Andika: dagaa walionyeshewa siku ile, wakikauka, wangekuwa visado vitano. Andika: deni la mabeseni mawili bado. Andika: mtoto alirusha vibaya mwanzo, mwishoni akajua.”

Mjomba aliandika kwa mwandiko wake wa kupimia nguo, tarakimu kubwa, maneno madogo. Kisha akamuuliza aweke jina gani.

“Weka: mwenye dagaa,” akasema, akachukua nguo yake, akateremka kuelekea ziwani.